Gitaa Inalala Ukichomeka Kwa Mikisa? Hivi Ndivyo Msee wa Longonot Anaweza Kujijengea Pedali

Kama umewahi kukaa kwa joint ya nyama choma kati ya Mai Mahiu na Naivasha wikendi, hii stori unaijua. Msee wa mugithi ako peke yake mbele: gitaa moja, kinanda kinapiga ngoma na besi, maiki moja. Watu wameshikana viuno wametengeneza treni, na si unajua mugithi kwa Kikuyu ni treni. Sauti yake iko fiti, kinanda kinadunda, lakini gitaa imelala. Unaona vidole vinakimbia juu ya nyaya, lakini kile unaskia ni kama mtu anacheza kwa nyumba ya jirani.

Wengi hulaumu gitaa. Wengine hulaumu msee wa mitambo. Lakini mara nyingi ngori iko kwa ile waya inatoka gitaa ikiingia moja kwa moja kwa mikisa. Na dawa yake ni sakiti ya chipu moja na vipande kama kumi na tano hivi, vitu unaweza kupata kwa maduka ya elektroniki ya Nakuru ama Luthuli Avenue, Nairobi.

Leo tunakuchorea yote: mbona gitaa inalala, venye unajenga pedali ya kuiamsha, na venye ukibadilisha kipande kimoja inageuka pedali nyingine kabisa. Ukishika hiyo ya mwisho, wewe si wa kukopi tena. Umeanza kudizaini.

Mbona gitaa inakufa kwa mikisa

Pikapu ya gitaa ya umeme ni sumaku zimezungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Waya wa gitaa ukitetemeka juu yake, inazalisha umeme kidogo sana, sehemu tu ya volti moja. Huo umeme ni mnyonge. Hautaki kubebeshwa mzigo.

Amplifaya ya gitaa inajua hivyo, kwa hivyo mlango wake una upinzani wa karibu omu milioni moja. Yaani inaskiza bila kuvuta. Lakini mlango wa laini wa mikisa nyingi uko karibu omu 10,000 tu. Huo umetengenezewa kinanda na simu, vitu vyenye nguvu. Ukichomeka gitaa hapo, ni kama kufungulia bomba kubwa kwa tangi dogo: presha inaisha.

Na haiishi kwa usawa. Koili ya pikapu hupinga zaidi sauti za juu, kwa hivyo hizo ndizo hufa kwanza. Hapo ndio mambo huharibikia msee wa benga na mugithi, juu hizo sauti za juu ndio kazi yenyewe. Gitaa ya solo ya benga ilichukua mtindo wa nyatiti, nyaya zinadonolewa haraka haraka, kila noti ikisimama peke yake. Kutoka D.O. Misiani na Shirati Jazz hadi Joseph Kamaru wa Murang'a, gitaa ndio huongea na mwimbaji. Ukiua sauti za juu umenyamazisha mmoja wao. Na msee ambaye gitaa yake haiskiki si rahisi aitwe tena wikendi ijayo.

Longonot haijaanza jana

Hii kazi ya kuchukua kitu kidogo na kukikuza si ngeni huku. Ile stesheni ya satelaiti ya Longonot, yenye madishi makubwa, ilifunguliwa 1970 na ikawa inaongea na satelaiti juu ya Bahari ya Hindi. Wimbi likitoka angani linafika likiwa dhaifu ajabu. Kazi ya mainjinia ilikuwa kulikuza bila kuliongezea kelele. Pedali ya kwanza tunayojenga hapa ni hiyo kazi tu, kwa size ya mkebe wa majani chai.

Vitu unahitaji

Chipu moja inaitwa TL072. Ni ya miguu minane, iko na amplifaya mbili ndani, na ni ya kawaida sana. Chukua na soketi yake ya miguu minane ndio usiichome na moto.

Rezista: tatu za 10k na moja ya 1M. K ni elfu, M ni milioni. Ile ya 10k ina rangi ya kahawia, nyeusi na machungwa. Ya 1M ina kahawia, nyeusi na kijani.

Kapasita: ya nanofaradi 22 (imeandikwa 223), ya nanofaradi 100 (imeandikwa 104), ya pikofaradi 100 (imeandikwa 101), halafu zile za mkebe mdogo zenye upande wa chanya na hasi: moja ya maikrofaradi 1, moja ya 10 na moja ya 47. Hizi za mkebe ziwe za volti 25.

Poti mbili, yaani zile za kuzungusha kama volyum ya redio: moja ya 100k, moja ya 10k. Dayodi moja ya 1N4007. Jeki mbili za gitaa, moja ikiwa stereo. Betri ya volti 9 na kichwa chake.

Kwa vifaa: multimita ya kawaida, chuma cha kuchomelea na risasi yake, na bredibodi, ile plastiki ya mashimo ambayo unachomeka vipande bila kuchoma. Bredibodi ndio shule yenyewe. Usianze na risasi.

Sakiti yenyewe, pole pole

Chipu ukiiangalia kutoka juu, alama ya kale kashimo ikiwa upande wa juu kushoto, mguu wa kwanza ndio huo. Unahesabu ukishuka kushoto 1 hadi 4, halafu unapanda kulia 5 hadi 8.

Kwanza, moto. Chanya ya betri ipitie dayodi ya 1N4007, ule mstari wa fedha ukiangalia chipu, iingie mguu wa 8. Hasi iende mguu wa 4. Hapo ndio chini ya sakiti yote. Ile dayodi ni askari: ukigeuza betri kimakosa, umeme haupiti na chipu haifi. Weka ile 104 kati ya mguu wa 8 na wa 4, karibu na chipu.

Pili, nusu. Wimbi la gitaa linapanda juu na kushuka chini, lakini betri moja haina chini ya sifuri. Kwa hivyo tunatengeneza sakafu katikati. Chukua rezista mbili za 10k, zifuatane kutoka mguu wa 8 hadi chini. Pale zinapokutana ni nusu ya moto. Weka ile kapasita ya 47 kati ya hapo na chini, chanya ikiangalia hiyo nusu. Hapo tutapaita "kati".

Tatu, mlango. Kutoka jeki ya gitaa, pitia ile 223 hadi mguu wa 3. Kutoka mguu wa 3, weka ile 1M hadi kati. Hiyo 1M ndio inaponya gitaa yako: sasa pikapu inaona omu milioni moja na inapumua.

Nne, kukuza. Kati ya mguu wa 1 na wa 2 weka poti ya 100k, ukitumia mguu wake wa katikati na mmoja wa pembeni. Sambamba nayo weka ile 101, ya kuzuia mchuuzo na redio za mtaa kuingia. Kutoka mguu wa 2, weka 10k ifuatwe na kapasita ya maikrofaradi 1 hadi chini, chanya ikiangalia juu.

Tano, kutoka. Mguu wa 1 upitie kapasita ya 10, chanya ikiangalia chipu, hadi mguu wa pembeni wa poti ya 10k. Mguu wa pili wa pembeni uende chini. Wa katikati uende jeki ya kutokea. Hiyo ndio volyum.

Sita, ile amplifaya ya pili hatuitumii, lakini usiiache ikining'inia, inaweza kuleta kelele. Unganisha mguu wa 7 na wa 6, halafu mguu wa 5 uende kati. Imetulia.

Pima kabla ya kuskiza

Hapa ndio mtu anatofautishwa na mwingine. Kabla ya kuchomeka gitaa, shika multimita, waya mweusi kwa chini. Mguu wa 8 unafaa kuwa karibu volti 8.5, juu dayodi imekula kidogo. Kati iwe nusu ya hiyo, karibu 4.2. Mguu wa 1 na wa 7 ziwe hapo hapo na kati.

Mguu wa 3 unaweza kuonyesha chini kidogo. Usishtuke. Multimita yenyewe ina upinzani wake, na inavuta kupitia ile 1M. Ukiona mguu wa 1 umekwama juu kabisa ama uko sifuri, zima, chipu isipate moto, na angalia kama umehesabu miguu kutoka upande sahihi. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila msee.

Ikipita hapo, chomeka gitaa, chomeka mikisa, volyum ianze chini. Utaskia kucha kwa waya.

Sasa anza kudizaini

Pedali ya kwanza imeisha. Lakini utamu uko hapa, kwa hesabu mbili tu.

Hesabu ya kwanza ni ya nguvu: gawanya poti na ile rezista ya 10k, halafu ongeza moja. Poti ya 100k ikiwa imefunguliwa yote, 100 kwa 10 ni 10, ongeza moja, ni mara 11. Ikiwa imefungwa ni mara moja tu, yaani sauti inapita venye ilivyo, lakini bila kufa kwa mikisa. Ukipiga nyaya zote kwa nguvu na poti iko juu, chipu itaishiwa na nafasi na itaanza kukwaruza, juu betri ni volti 9 tu. Ukitaka safi, rudisha chini kiasi.

Hesabu ya pili ni ya rangi ya sauti: 159,000 gawanya kwa kilo-omu, halafu gawanya tena kwa nanofaradi. Jibu ni hertz. Jaribu kwa ile 10k na maikrofaradi 1, ambayo ni nanofaradi 1,000: unapata karibu 16. Yaani kila kitu juu ya hertz 16 kinakuzwa. Gitaa yote iko hapo ndani, juu waya mnene wazi ni hertz 82.

Sasa toa hiyo kapasita ya maikrofaradi 1, weka nyingine ya nanofaradi 22. Piga hesabu: karibu 720. Besi ya gitaa haijakatwa, inapita ikiwa mara moja, lakini kutoka hapo kwenda juu ndio inakuzwa. Waya mwembamba ukiushika fret ya 12 ni hertz 659, na utamu wa kudonoa uko juu ya hapo. Kwa msee ambaye kinanda chake kinabeba besi, hii ndio dawa: gitaa inaacha kupigania chini na inakaa juu ambapo iko na nafasi. Ukiona ni kali sana, weka nanofaradi 47, unashuka hadi karibu 340. Ukitaka kali zaidi, 10, unapanda karibu 1,600.

Hiyo 720 si ya kubahatisha. Tube Screamer ya Ibanez, pedali ya mwisho wa miaka ya 70 ambayo wasee wa rock na blues hawaiachi, ina rezista ya 4.7k na nanofaradi 47 mahali hapo hapo. Piga hesabu mwenyewe uone inatoka ngapi.

Unataka mkwaruzo? Chukua dayodi mbili ndogo za 1N4148, moja ikiangalia huku na nyingine kule, weka sambamba na ile poti kati ya mguu wa 1 na wa 2. Badilisha poti iwe 500k, utapata hadi mara 51, na ile 101 iwe pikofaradi 47 ndio usile sauti za juu. Dayodi ya silikoni hufunguka karibu volti 0.6, kwa hivyo wimbi likifika hapo kichwa kinalainishwa. Hiyo ndio ovadraivu. Weka taa ndogo nyekundu, zile LED, badala ya dayodi: zinafunguka juu zaidi, kwa hivyo mkwaruzo unachelewa na sauti inakuwa kubwa.

Cheki hapo: mlango ni ule ule, moto ni ule ule, chipu ni ile ile. Vipande vichache vimebadilika na umepata pedali tatu.

Makosa yalizaa mitindo

Na usiogope ikilia vibaya. Mwaka wa 1961 wimbo wa Marty Robbins unaoitwa Don't Worry ulitoka Marekani ukiwa na besi inakwaruza ajabu, juu mitambo ya studio ilikuwa imeharibika wakati Grady Martin akicheza. Watu wakaipenda. Mwaka uliofuata kukatoka Maestro Fuzz-Tone, pedali ya kutoa mkwaruzo kama huo kwa makusudi.

Karibu na sisi, Kinshasa, bendi ya Konono No. 1 ilikuwa inacheza likembe kwa mitambo ya kujitengenezea, maiki zikiwa na sumaku za vyuma vya magari kuukuu. Sauti ilikwaruza. Hawakuwa wameitafuta, lakini waliishika, na albamu yao Congotronics ya 2004 ikawapeleka kwa majukwaa ya Ulaya. Vifaa vilikuwa vya takataka. Sauti ilikuwa yao peke yao.

Mkebe, betri na shoti

Sakiti ikiwa sawa kwa bredibodi kwa siku kadhaa, hamisha kwa bodi ya mashimo na uchome. Iweke ndani ya mkebe wa chuma, na mkebe uguse chini ya sakiti. Chuma kinazuia ule mngurumo wa hertz 50 wa stima. Mkebe wa plastiki hauzuii kitu.

Jeki ya stereo iwe ya kuingilia: hasi ya betri iende kwa mguu wake wa pete. Ukichomoa waya wa gitaa, pedali inajizima. Kama hukupata swichi ya kukanyaga, isikusumbue. Hii ya kuamsha gitaa inafaa kukaa wazi shoo yote, na betri nzuri ya alkaline inaweza kubeba zaidi ya saa 100 juu chipu inakula umeme kidogo.

Anza na betri. Adapta za bei ya chini hupiga kelele ndani ya sauti, na zile za pedali nyingi zina hasi katikati, wakati za ruta na CCTV mara nyingi zina chanya katikati. Ukichanganya, ile dayodi askari itakulinda, lakini shoo haitaanza.

Na hii iko serious: usifungue amplifaya wala kitu chochote cha stima ya volti 240 kwa sababu umejenga pedali moja. Volti 9 haikuui. Ile ya ukutani inaua. Na kama maiki inakupiga shoti ukiigusa na mdomo huku umeshika gitaa, acha kucheza na uite fundi wa stima aangalie athi. Hakuna pedali inatibu hiyo.

Njia ya kusonga mbele

Badilisha kipande kimoja kwa wakati, skiza, andika kwa daftari. Ukibadilisha vitatu mara moja hujui ni gani kimefanya kazi. Kama huna vipande bado, kuna programu ya Falstad kwa intaneti, ya bure, unachora sakiti kwa simu na unaona mawimbi yakitembea. LTspice pia ni ya bure kama una kompyuta.

Halafu tafuta fundi wa redio mtaani kwako. Huyo mzee anajua kuchoma risasi safi na ana droo ya vipande vya miaka. Wewe unajua gitaa inafaa kulia venye gani. Mkikaa meza moja, kila mmoja ana kitu mwenzake hana.

Ukianza kuuzia wasee wa kanisa na wa mugithi, andika jina lako kwa mkebe, usiweke la kampuni ya watu. Na usisahau ni kwa nini watakuja kwako: pedali ya duka ilidizainiwa na mtu anayefikiria gitaa ya rock ikiingia kwa amplifaya ya gitaa. Yako imedizainiwa ukifikiria msee mmoja, kinanda kimoja na mikisa ya joint ya Naivasha Jumamosi usiku. Kwa hiyo kazi, nanofaradi 22 mahali pazuri inaweza kushinda jina kubwa kwa mkebe.